Adolf Lorenz: Tabibu aliyerudisha nyonga mahali pake bila kisu

MNAMO Oktoba 1902, daktari mmoja wa Austria mwenye ndevu nyingi aliwasili Chicago, Marekani, kumtibu msichana mdogo aliyezaliwa na kasoro ya nyonga. Msichana huyo, Lolita, alikuwa binti ya J. Ogden Armour, tajiri mkubwa wa biashara ya nyama. Magazeti yaliifuata safari hiyo hatua kwa hatua, na punde si punde jina la Adolf Lorenz likawa midomoni mwa watu waliokuwa hawajapata kulisikia.

Nyonga ya binadamu imeumbwa mithili ya mchi na kinu. Kichwa cha fupa la paja, ambacho ni mviringo, hukaa ndani ya tundu la mfupa wa nyonga na kuzunguka humo. Kuna watoto wanaozaliwa tundu hilo likiwa halina kina cha kutosha, au kichwa cha fupa kikiwa kimeteguka kabisa. Mtoto mchanga haumwi, ndiposa wazazi hawatambui lolote hadi aanzapo kutembea huku akichechemea. Asipotibiwa, huchechemea maisha yake yote, na maumivu humwandama utu uzimani kiungo kinapolika.

Lorenz alizaliwa Aprili 21, 1854, katika mji wa Weidenau, Silesia, ambao leo unaitwa Vidnava na uko katika Jamhuri ya Cheki. Babake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi na familia haikuwa na mali. Sauti yake nzuri ilimfungulia mlango: alipelekwa kuimba kwaya katika monasteri moja kusini mwa Austria, akapata elimu huko. Baadaye alijiunga na Chuo Kikuu cha Vienna, akafuzu udaktari mwaka wa 1880.

Ndoto yake ilikuwa kuwa mpasuaji, na mwalimu wake, Eduard Albert, aliyekuwa miongoni mwa wapasuaji wakuu wa Vienna, alimwona kuwa na kipaji. Lakini zama hizo vyumba vya upasuaji vilisafishwa kwa asidi ya kaboliki ili kuua viini, na dawa hiyo ikaichubua ngozi ya mikono ya Lorenz kiasi kwamba hakuweza kuendelea na kazi. Albert alimshauri ageukie tiba isiyohitaji kisu. Hivyo ndivyo kijana huyo alivyoingia katika tiba ya mifupa na viungo, taaluma ambayo wakati huo haikuthaminiwa sana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, nyonga zilizoteguka zilikuwa zikipasuliwa. Albert Hoffa wa Ujerumani alikuwa mwasisi wa upasuaji huo, na Lorenz mwenyewe aliuboresha. Hata hivyo, baadhi ya watoto walipata maambukizi na wengine viungo vyao vikakakamaa. Ndipo Lorenz akarejea kwenye mikono mitupu, njia ambayo Agostino Paci wa Italia alikuwa ameijaribu kabla yake.

Mtoto alitiwa nusukaputi. Daktari aliuvuta mguu, akalikunja paja na kulitanua upande hadi kichwa cha fupa kikapanda ukingo wa tundu na kutumbukia ndani. Kisha mtoto alifungwa plasta kwa miezi kadhaa, mapaja yakiwa yametanuliwa kama ya chura, ili tundu lipate kina. Picha za eksirei, zilizogunduliwa mwaka wa 1895, ziliwawezesha madaktari kuona iwapo mfupa ulikuwa umerudi kweli.

Huko Marekani, Lorenz hakuwatibu matajiri pekee. Wazazi maskini walimiminika hospitalini na watoto wao, naye akawatibu wengi bila malipo mbele ya madaktari waliokuja kujifunza.

Sifa hizo zilikuwa na upande wa pili. Kadiri miaka ilivyosonga, eksirei zile zile zilionyesha kwamba kwa baadhi ya watoto kichwa cha fupa kilikuwa kimekufa kwa kukosa damu. Nguvu iliyotumika na ule mtanuo wa kupindukia ndani ya plasta vilibana mishipa. Wengine walivunjika mifupa au kuumia neva, hasa waliotibiwa wakiwa wamekwisha kukua.

Waliomfuata walitambua kwamba dawa ni kuwahi. Katika miaka ya 1930, Marino Ortolani, daktari wa watoto wa Ferrara, Italia, alionyesha namna ya kuitambua nyonga iliyoteguka kwa kuyatanua taratibu mapaja ya mtoto mchanga na kuhisi mfupa ukirudi. Katika miaka ya 1940, Arnold Pavlik, raia wa Chekoslovakia, alibuni mikanda inayoyaweka mapaja katika hali ya kukunjwa na kutanuka huku mtoto akiruhusiwa kurusha miguu. Kuanzia miaka ya 1980, Reinhard Graf, Mwaustria kama Lorenz, aliwezesha nyonga za watoto wachanga kupimwa kwa mawimbi ya sauti.

Imebainika pia kwamba tatizo hili ni nadra katika jamii nyingi za Afrika, ambako mama humbeba mtoto mgongoni kwa mbeleko, miguu ikiwa imetanuka. Huonekana zaidi kwa jamii zinazowafunga watoto wachanga miguu ikiwa imenyooka. Hata hivyo, mtoto aliyetanguliza matako tumboni, au mwenye mzazi aliyewahi kuwa na kasoro hiyo, anafaa kukaguliwa mapema popote pale. Vivyo hivyo yule ambaye paja lake moja halitanuki kama jingine.

Vita Kuu ya Kwanza na mfumko wa bei uliofuata vilimfilisi Lorenz, akalazimika kurejea Marekani mwaka wa 1921 kutafuta riziki akiwa na umri wa miaka 67. Alifariki Februari 12, 1946, nyumbani kwake Altenberg, karibu na Vienna, akiwa na umri wa miaka 91. Mwanawe Albert alifuata nyayo zake katika tiba ya mifupa. Mwingine, Konrad, alichunguza tabia za wanyama na kutuzwa Nobeli mwaka wa 1973.