Brian Clough: Goti lilimtoa uwanjani, hakutoka kwenye soka

Kama wewe ni mpenzi wa soka ya Uingereza, jina Brian Clough umelisikia. Ndiye kocha aliyeipa Nottingham Forest Kombe la Klabu Bingwa Ulaya mara mbili mfululizo, 1979 na 1980. Lakini je, wajua kuwa kabla ya hapo alikuwa straika moto wa kuotea mbali? Akichezea Middlesbrough na Sunderland alifunga mabao 251 katika mechi 274 za ligi!

Desemba 26, 1962, Sunderland ikicheza na Bury, Clough aliufuata mpira akagongana na kipa. Kano za goti zikakatika: ya katikati na ya upande wa ndani. Alikuwa na miaka 27 tu. Enzi hizo hakukuwa na MRI, na kano ya katikati ikikatika, mchezaji alijua mambo yameisha. Alijaribu kurudi 1964, akacheza mechi tatu tu, akastaafu.

Leo mambo ni tofauti, ila lazima ujue dalili. Unageuka ghafla, goti linalia "pap", linavimba ndani ya saa chache, na ukikanyaga linayumba. Daktari atakukunja goti kidogo na kuvuta mguu mbele. Ukija mbele kuliko ule mzima, huenda kano ya katikati imekatika. Picha ya MRI huthibitisha.

Kano ya upande wa ndani mara nyingi hupona kwa mkanda wa goti na mazoezi, bila kisu. Ya katikati ikikatika kabisa, wachezaji wengi huwekewa nyingine inayotengenezwa kutokana na mshipa wa paja lao wenyewe. Kisha mazoezi, miezi 9 hivi kabla ya mechi. Ukiharakisha, utaikata tena.

Kwa hivyo kijana, goti likivimba usirudi uwanjani eti unajikaza, wala usikimbilie kukandwa kwa nguvu. Weka barafu, pumzika, muone daktari.

Na Clough? Akiwa na miaka 30 tayari alikuwa kocha wa Hartlepools, timu ndogo isiyo na pesa. Aliipa Derby ubingwa wa ligi 1972, Forest 1978. Alifariki 2004. Wengi wanamkumbuka kwa vikombe, wachache kwa lile goti.