Lois Wilson: Mke wa Mlevi Naye Alihitaji Kupona

Katika kazi ya uuguzi nimezoea kuona mlevi amelazwa na mkewe ameketi pembeni ya kitanda. Mume ana faili, mke hana. Wiki hii niwasimulie maisha ya mama aliyeketi pembeni ya kitanda hicho miaka mingi.

Lois Burnham alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1891, binti wa daktari. Januari 1918 aliolewa na Bill Wilson, kijana wa Vermont aliyekuwa jeshini. Bill alikuwa ameshaanza kunywa, lakini Lois aliamini upendo wake ungetosha kumwachisha. Mimba zilitunga nje ya kizazi, wakakosa mtoto. Bill alipata fedha kwenye soko la hisa, akazipoteza, na pombe ikazidi. Lois akaajiriwa dukani ili wapate kula. Alimbembeleza mumewe, akamgombeza, akamwombea. Pombe ikabaki palepale.

Desemba 1934, akiwa amelazwa hospitalini New York, Bill aliacha pombe na hakuirudia hadi alipofariki mwaka 1971. Mwaka 1935, huko Akron, Ohio, alikutana na Bob Smith, daktari aliyekuwa mlevi kama yeye. Hapo ndipo ilipoanza Alcoholics Anonymous, yaani AA, ambako walevi husaidiana kuacha pombe. Baadaye Bill aliandika zile hatua 12.

Je, Lois alifurahi? Alifurahi. Lakini siku moja Bill alipomhimiza wasichelewe mkutano, Lois alichukua kiatu akamrushia. Alijishangaa mwenyewe. Kwa miaka 17 alikuwa amehangaika kumponya mumewe, kisha wageni wakafanikiwa kwa muda mfupi. Akatambua kwamba maisha yake yote yalikuwa yamezunguka chupa ya mtu mwingine. Mume alikuwa anapona. Yeye bado alikuwa mgonjwa.

Mwaka 1939 walipoteza nyumba yao, wakaishi kwa kuhifadhiwa na marafiki hadi 1941. Waume walipokuwa mkutanoni, wake zao walianza kuzungumza wenyewe kwa wenyewe, na kila mmoja akaona hayuko peke yake. Mwaka 1951 Lois na rafiki yake Anne waliunganisha vikundi hivyo, vikaitwa Al-Anon.

Wengi huniuliza vikundi hivi vinatofautianaje. Hatua ni zilezile 12. Katika AA mtu anakiri kwamba pombe imemshinda. Narcotics Anonymous, iliyoanza California mwaka 1953, inataja uraibu badala ya pombe, hivyo aina ya dawa si hoja. Al-Anon haikugusa hatua ya kwanza: hata mke ambaye hajawahi kuonja pombe anakiri kwamba imemshinda, maana hawezi kumwachisha mwenzake. Walibadilisha neno moja tu katika hatua ya 12. AA hupeleka ujumbe kwa walevi, Al-Anon kwa watu wengine. Vijana wana Alateen, iliyoanza mwaka 1957.

Vikundi hivi havitozi ada, wala hakuna anayelazimishwa kutaja jina lake lote. Si kanisa, na mtu wa imani yoyote hupokelewa.

Lois alifariki Oktoba 1988, akiwa na miaka 97. Dada yangu unayepiga simu kazini kusema mume ana homa, na unayewaambia watoto baba amechoka tu: kwenda Al-Anon si kumwaibisha mumeo. Huna haja ya kungoja aache kwanza. Vivyo hivyo kwa mume mwenye mke mlevi, na mzazi mwenye kijana mlevi.

Neno moja la muuguzi: anayekunywa sana kila siku asiache ghafla nyumbani bila kumwona daktari. Anaweza kupata degedege na hata kufa. Anzeni hospitalini, kisha mwende kwenye kikundi, na sisi tutaendelea kuwaombea.