Shekhar Mehta, mufukuzwa aliyeshinda Safari mara tano

Mu magaraji ya Katuba, vijana wakianza kuzungumza juu ya Datsun Z, wanasifu paka motoka: pua ndefu, silinda sita, vitesi. Jina la shofere hawalitaje. Leo tunataka kulitaja, juu mutu huyu hakutoka Japani. Alikuwa jirani yetu, na mambo yaliyomupata tunayajua hapa Katanga.

Shekhar Mehta alizaliwa tarehe 20 mwezi wa 6 mwaka wa 1945 mu inchi ya Uganda, mu jamaa ya Wahindi wenye mashamba na biashara. Tuseme wazi: alikuwa mutoto wa patroni. Sisi watu wa sendika hatuna zoea la kusifu watoto wa mapatroni, na motoka yake ya kwanza ya mashindano, mu 1966, akiwa na miaka 21, ilikuwa BMW. Haiko kila kijana anayeanza hivi. Lakini barabara ya Safari Rally haimuulizi mutu baba yake ni nani.

Safari ilianza mu 1953, wakati wa Waingereza, ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilikuwa inafanywa siku za Pasaka, njo kusema wakati wa mvua. Maelfu ya kilometre, usiku na mchana, barabara hazifungwi: unakutana na lori, na ngombe, na mutoni uliojaa. Udongo mwekundu wenyewe munaujua. Motoka mingi zilikuwa zinaanza Nairobi, chache zinarudi.

Sasa Wajapani. Mu mwaka wa 1969 kampuni ya Nissan ilitoa motoka ya watu wawili, iliyoitwa Fairlady Z kwao. Jina lile mukubwa wao wa Marekani, Yutaka Katayama, hakulipenda. Kule ikaitwa 240Z, na bei yake ilikuwa dolari 3.526, kidogo sana kwa motoka ya namna ile. Namba 240 inatoka mu motere ya litre 2,4. Watu wa Japani wenyewe walikuwa wanauziwa hasa ile ya litre 2, juu ya ushuru mukubwa kwa motere zinazopita pale. Kulikuwa pia Z432, chache sana: valvu 4 kwa kila silinda, kabureta 3, na ekseli 2 za kufungua valvu, njo maana ya 4-3-2. Kisha ikafuata 260Z, mu 1974, na ndugu yake mwenye viti ine, na kwa Wamarekani 280Z, ile isiyokuwa na kabureta tena. Mu 1978 ukoo ule wa kwanza uliisha. Mapicha mengi munayoona mu simu ni ya 240Z, lakini wauzaji wanaita zote vile.

Mu Safari ya 1971 Z ilishinda, na Edgar Herrmann, mukaaji wa Kenya. Wa pili alikuwa Mehta, pia mu 240Z. Alikuwa bado na miaka 25.

Mwaka uliofuata, mwezi wa 8, Idi Amin akatangaza kwamba Wahindi watoke Uganda, na akawapa siku 90. Watu makumi ya maelfu waliacha nyumba, maduka, mashamba. Jamaa ya Mehta nayo ilikimbia, na yeye akaenda Kenya.

Hapa tunapumuzika kidogo. Mu mwezi wa 11 wa 1973 Mobutu naye alinyanganya Wagreki na Waportugali na wengine maduka yao, akayagawia watu wake, na wazee wa Katuba wanakumbuka vile rafu zilibaki tupu. Na mu 1992 na 1993, hapa kwetu, ndugu zetu wa asili ya Kasai, wengi waliozaliwa hapa, waliotumika mu Gécamines sawa baba zetu, walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Walingojea treni ku kituo juma na juma, na wengine walikufa mule. Katuba yetu ilijengwa na mikono yao pia. Kwa hiyo mutu akituambia Amin alifukuza paka matajiri, tunamuuliza: karani wa duka naye alikuwa tajiri? Fundi wa cherehani? Anayefukuza watu kwa jina la kabila hachagui mifuko.

Haijapita miezi sita tangu siku 90 za Amin ziishe, ikafika Pasaka ya 1973. Safari mwaka ule ilihesabiwa mu kombe la dunia la rally, lililokuwa linaanza. Mehta alikuwa tena mu 240Z, pamoja na Lofty Drews wa kusoma njia. Walipofika mwisho, yeye na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa mu Datsun nyingine, 1800 SSS, walikuwa na alama za kosa sawasawa. Ikabidi kuangalia nani alienda mbali zaidi bila kosa tangu mwanzo. Alikuwa Mehta. Ushindi ule haukutoka mu vitesi vya silinda sita. Ulitoka kwa mutu aliyelinda mashini yake saa za kwanza, wakati wengine walikuwa wanaonyesha nguvu. Wale wanaoendesha malori ya mine wanajua tofauti ile.

Na kuna ushahidi mwingine. Alishinda Safari mara tano, na Z ilimupa paka moja. Mu 1979 na 1980 alishinda na Datsun 160J, mu 1981 na 1982 na Violet GT, motoka za silinda ine, zenye sura ya motoka ya familia, pamoja na Mike Doughty. Mara ine kufuatana! Mu 1979 nyuma yake kulikuwa Hannu Mikkola na Mercedes kubwa ya litre 5. Mu 1982, Walter Röhrl wa Ujerumani na Opel. Kijana anayelilia Z aangalie Violet kwanza. Na asisahau mafundi waliolala kando ya barabara na piesi mu mikono, wakibadilisha shoki mu matope. Majina yao hayaandikwi ku kikombe.

Mkewe Yvonne alikuwa pia anakaa naye mu mashindano, kusoma njia. Mu 1987, mu mashindano ya Mafarao kule Misri, akiwa mu Peugeot, Mehta alipata ajali kubwa sana, na pale kazi ya usukani ikaisha. Kisha alitumika mu FIA, shirika linalotawala mashindano ya motoka, akaongoza tume ya rally.

Alikufa London tarehe 12 mwezi wa 4 mwaka wa 2006, na miaka 60. Wakati ule Safari ilikuwa imekwisha kutolewa mu kombe la dunia, baada ya mashindano ya 2002. Ilirudi mu 2021, Kenya, na motoka iliyoshinda mwaka ule ilikuwa tena ya Wajapani, Toyota Yaris.