Mbaruk wa Gazi: Mwenyewe alifia ugenini, nyumba yake imeachiwa mvua

Ukitoka Ukunda kwenda Lunga Lunga, kabla hujafika Msambweni, kuna njia ya kushoto inayoteremka hadi kijiji cha Gazi. Wageni wengi huja kwa ajili ya mikoko na daraja la mbao linalopita katikati yake. Wachache huulizia nyumba ya Mbaruk. Ni jengo la kale ambalo kwa miaka lilitumika kama shule, na mlango wake wa nakshi uling'olewa ukapelekwa kwenye makavazi ya Fort Jesus, Mombasa. Mtoto wa Gazi akitaka kuuona mlango wa nyumba ya kijijini kwake, sharti asafiri hadi Mombasa.

Mwenye nyumba alikuwa nani?

Mbaruk bin Rashid alizaliwa katika ukoo wa Mazrui, waliotawala Mombasa kwa takriban miaka mia moja. Baba yake, Rashid bin Salim, ndiye aliyekuwa Mazrui wa mwisho kukalia Fort Jesus. Mwaka 1837 Seyyid Said aliitwaa ngome, akawakamata wakuu wa ukoo kwa hila na kuwapeleka Bandar Abbas, kwenye Ghuba ya Uajemi. Hawakurudi. Waliosalia waligawanyika: wengine wakaenda Takaungu, kaskazini, na wengine Gazi, kusini. Mbaruk, aliyekuwa mtoto mdogo, akakulia huku kusini akijua kwamba mji wa babake unatawaliwa na waliomwangamiza.

Alipokuwa mtu mzima na kushika uongozi wa Gazi, alikataa kuwa liwali mtiifu. Kwa miaka mingi aliasi, akapatana na Unguja, kisha akaasi tena. Kila alipoelemewa pwani alipanda bara hadi Mwele, kwenye milima ya Shimba, alikokuwa na boma ndani ya msitu mnene. Mwaka 1882 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi la Seyyid Barghash, alimfuata hadi huko. Boma lilivunjwa lakini Mbaruk hakukamatwa, na baadaye akasamehewa. Unguja iliona ni nafuu kumlipa posho kuliko kumwinda.

Tusimsafishe kupita kiasi. Mbaruk alikuwa na watumwa wengi, na vita vyake viliumiza watu wa kawaida. Vijiji vilivamiwa, watu wakatekwa, na wengine wakauzwa. Ziko familia za Kwale ambazo zikisikia jina lake hazifikirii ushujaa, zinafikiria nyanya aliyechukuliwa njiani. Hata hivyo, Wadigo na Waduruma wengi walipigana upande wake, kila mmoja kwa sababu zake.

Mwaka 1888 kampuni ya Kiingereza ilipewa hati ya kuendesha pwani kwa niaba ya Seyyid. Mbaruk hakupigana nayo. Alipokea posho yake akatulia, na huenda angezeekea Gazi kwa amani.

Kilichovunja amani hiyo kilitoka Takaungu. Mapema mwaka 1895 liwali wa huko, Salim bin Khamis, alifariki. Kampuni ikamweka mwanawe, Rashid, aliyekuwa rafiki yake, ikampuuza binamu yake, ambaye pia aliitwa Mbarak bin Rashid na ambaye wengi waliona ndiye mwenye haki. Huyo Mbarak mdogo alishindwa vitani akakimbilia Gazi. Waingereza wakamtaka mzee Mbaruk amtoe.

Hapo ndipo maisha ya mzee huyu yalipogeuka. Angemkabidhi mgeni wake angebaki na posho na nyumba. Hakumkabidhi. Julai 1895, mwezi uleule serikali ya Uingereza ilipochukua pwani kutoka kwa kampuni, alihama Gazi akapanda Mwele kama zamani. Tarehe 17 Agosti, Admirali Harry Rawson aliliteka boma lile kwa mizinga na wanamaji. Rawson huyohuyo ndiye aliyelipiga kwa mizinga jumba la Seyyid wa Unguja mwaka uliofuata.

Mbaruk aliponyoka tena, na vita vikasambaa. Hamisi Kombo wa Mtwapa aliingia, na baadhi ya Wagiriama pia. Waingereza wakalazimika kuleta askari kutoka Bara Hindi. Mwezi wa Aprili 1896, akiwa hana tena pa kujificha, Mbaruk alivuka mpaka pamoja na watu wake akajisalimisha kwa Wajerumani. Alikaa Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 1910. Baba alifia uhamishoni, na mwana naye vivyo hivyo.

Kwa hiyo kaburi lake haliko kwetu, na boma la Mwele limeachiwa msitu. Kilichobaki ambacho mtu anaweza kukigusa kwa mkono ni kuta za Gazi: mawe ya matumbawe na chokaa. Ujenzi wa namna hii hauna adui mkubwa kuliko mvua. Paa likitoboka, maji huingia ndani ya ukuta, chokaa hulainika na mawe huanza kudondoka. Nyumba iliyosimama zaidi ya karne moja yaweza kulala chini katika misimu michache ya masika.

Wapo watakaosema nyumba ya mwenye watumwa haistahili senti ya umma. Mimi naona kinyume. Wajukuu wa watumwa wana haki katika nyumba ile sawa na wajukuu wa Mazrui, na ikianguka, hakuna upande utakaobaki na ushahidi wa yaliyotokea. Mtoto wa Kwale hufundishwa vita vya mbali, ilhali vita vilivyoupokea ukoloni wa Mwingereza hapa pwani vilipangwa mwendo mfupi tu kutoka darasani kwake.

Gazi si kijiji cha kufundishwa thamani ya kitu kilichopuuzwa. Kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wao na jirani zao wa Makongeni wameuza hewa ya kaboni ya mikoko yao na kutumia fedha hizo kwa maji na shule. Kilichoonekana ni kuni tu sasa kinalisha kijiji. Mgeni anayelipa kutembea kwenye daraja la mikoko angelipa pia kuingia nyumba ya Mbaruk, lau ingekuwa na paa zima, mtu wa kuisimulia, na pengine mfano wa ule mlango wake.

Kaunti ya Kwale na idara ya makavazi wana kazi hapa, na haihitaji mabilioni. Ianze na paa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa Gazi ukianguka, hakuna fundi wa kuurudisha ulivyokuwa.