Thomas Midgley: mvumbuzi wa gazi ya baridi na deni alilotuachia

Kutoka Kolwezi hadi Musumba, mji wa Mwant Yav, safari ni ndefu na jua ni kali. Abiria wakifunga madirisha kwa sababu ya vumbi, kila mtu anaomba klimatizeri ya basi isife. Ikikufa, makanika anafungua kompresa, na swali la kwanza ni hili: ndani mna gazi gani? Swali hilo linaturudisha kwa Mmarekani mmoja aliyekufa zaidi ya miaka 80 iliyopita.

Thomas Midgley alizaliwa tarehe 18 Mei 1889 huko Beaver Falls, jimbo la Pennsylvania. Alisomea uhandisi wa mashini kwenye chuo kikuu cha Cornell, akamaliza mwaka 1911. Mwaka 1916 aliingia kazi kwa Charles Kettering, mkubwa wa utafiti ambaye baadaye aliongoza maabara ya kampuni General Motors.

Wakati ule injini za magari zilikuwa zinagonga. Mwaka 1921, Midgley aligundua kwamba dawa yenye risasi, ikitiwa ndani ya esansi, inamaliza kugonga huko. Lakini risasi ni sumu. Yeye mwenyewe aliugua, na mwaka 1924 wafanyakazi kadhaa wa viwanda vya dawa hiyo walikufa. Hata hivyo alisimama mbele ya waandishi wa habari, akanawa nayo mikono na kuvuta harufu yake, kusudi aonyeshe kuwa haina hatari. Dunia ilitumia esansi hiyo kwa miaka mingi. Nchi ya mwisho kuiacha ni Algeria, mwaka 2021.

Kazi yake ya pili ilihusu frigo. Frigo za zamani zilitumia gazi kama amonia na dioksidi ya salfa. Zikivuja, zinaweza kuua watu nyumbani. Mwaka 1928, Midgley na wenzake walitengeneza gazi isiyowaka wala kumdhuru anayeivuta. Iliitwa Freon, nasi tunaijua kwa jina la R-12. Mwaka 1930, mbele ya wanakemia, aliivuta kifuani kisha akaipuliza juu ya mshumaa. Mshumaa ulizimika, yeye akabaki mzima. Kutoka frigo, gazi hiyo ikaingia katika magari na mabasi.

Mwaka 1940 alipata ugonjwa wa polio, miguu ikapooza. Alijitengenezea kamba na kapi za kumwinua kitandani. Tarehe 2 Novemba 1944 alikutwa amekufa, kamba hizo zimemnyonga. Alikuwa na miaka 55.

Hakujua mwisho wa kazi yake. Mwaka 1974, Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba gazi za aina hiyo zinapanda juu sana na kuharibu ozoni, tabaka linalotukinga na miale mikali ya jua. Mwaka 1985, Waingereza walitangaza tundu la ozoni juu ya Antaktika. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ukaanza kuzipiga marufuku. Nchi zinazoendelea zilipewa hadi mwaka 2010.

Magari yakahamia R-134a. Gazi hii haigusi ozoni, lakini inapasha dunia joto mara zaidi ya 1,400 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Ndiyo maana mwaka 2016, hapa jirani Kigali, mataifa yalikubaliana kuipunguza nayo.

Kwa basi la zamani, kubadilisha gazi si kujaza tu. Mafuta ya kompresa ya R-12 hayachanganyiki na R-134a: yanabaki kwenye mabomba, na kompresa mpya inakauka na kukwama. Fundi anapaswa kuosha mabomba, kutia mafuta yanayofaa, kubadilisha kichujio na mipira ya viungo, kuondoa hewa kwa pampu, kisha kujaza gazi kidogo kuliko ile ya zamani, karibu asilimia 80 hadi 90.

Na gazi ya zamani? Ivutwe ndani ya chupa yake, isiachiliwe hewani. Midgley aliipima gazi yake kwa mapafu na kwa mshumaa, mambo yaliyokuwa karibu naye. Hakupima anga. Makanika anayefungua vali na kuiacha ipulize anarudia kosa lilelile, ila yeye ameisha kuambiwa.