GEORGE MÜLLER (1805–1898): KUMTEGEMEA MUNGU KATIKA KAZI NA MAHANGAIKO YA KILA SIKU

Katika mada ya imani na maisha ya Mkristo kuna swali ambalo hurudi kila mara kwa sura tofauti: Mkristo anayemtegemea Mungu afanye nini kuhusu chakula, ada, kazi na kesho yake? Unaweza kulijibu kwa kutaja Mathayo 6:25–34 na Wafilipi 4:6–7 peke yake, lakini hoja zako zitapata uzito ukieleza mtu aliyeyaishi mafundisho hayo. George Müller ni mfano mzuri, kwa sababu imani yake ilipimwa na mambo ya kawaida kabisa: mkate, kodi ya nyumba, mishahara ya wafanyakazi na hata boila iliyovuja. Soma kwa makini, kisha ujibu maswali yaliyo mwishoni.

1. Utoto na ujana

Müller alizaliwa tarehe 27 Septemba 1805 katika mji mdogo wa Kroppenstedt, Prussia, ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mkusanya ushuru wa serikali. Alitaka mwanawe awe mchungaji, si kwa sababu ya wito, bali kwa kuwa kazi hiyo ingempa maisha ya raha.

Usifikiri kwamba Müller alikuwa mtoto mwema tangu awali. Kabla hajatimiza miaka 10 alikuwa akiiba fedha za serikali zilizokuwa mikononi mwa baba yake. Usiku ambao mama yake alikuwa anakata roho, George mwenye umri wa miaka 14 alikuwa akicheza karata, bila kujua kwamba mama yake ni mgonjwa. Akiwa na miaka 16 alifungwa jela kwa kukaa hotelini bila kulipa. Likumbuke jambo hili, maana mtu ambaye baadaye watu wengi walimwamini kwa fedha zao alianza maisha akiwa mwizi wa fedha.

2. Kuongoka kwake

Mwaka 1825 alijiunga na Chuo Kikuu cha Halle kusomea theolojia. Alikuwa mwanafunzi wa dini asiyesoma Biblia. Mwezi Novemba mwaka huo rafiki yake alimpeleka kwenye mkutano mdogo wa maombi nyumbani kwa Mkristo mmoja. Huko alimwona mtu akipiga magoti kuomba, jambo ambalo hakuwahi kuliona. Jambo hilo lilimgusa sana. Kuanzia hapo maisha yake yakabadilika.

Katika mji huohuo wa Halle kulikuwa na nyumba kubwa za yatima zilizoanzishwa na August Hermann Francke zaidi ya miaka 100 kabla. Müller aliziona, na mfano huo ukamkaa moyoni.

3. Kuacha mshahara

Mwaka 1829 Müller alihamia Uingereza, na mwaka uliofuata akawa mchungaji katika mji wa Teignmouth. Mwaka 1830 alimwoa Mary Groves. Mshahara wake ulikuwa pauni 55 kwa mwaka, na sehemu ya fedha hizo ilitokana na kodi za viti kanisani. Mwenye nacho alilipia kiti kizuri, maskini akakaa pembeni. Müller aliona kwamba utaratibu huo unapingana na Yakobo 2, akaukataa pamoja na mshahara wake. Liliwekwa sanduku kanisani, na kila mtu akatoa kwa hiari. Yeye na mkewe waliamua pia kutomwambia mtu yeyote mahitaji yao, bali kumwambia Mungu tu.

Mwaka 1832 alihamia Bristol pamoja na rafiki yake Henry Craik. Mwaka huohuo kipindupindu kiliua watu wengi katika mji huo. Mwaka 1834 alianzisha taasisi ya kusaidia shule, kusambaza Biblia na kuwasaidia wamisionari.

4. Kwa nini alianzisha nyumba ya yatima?

Hapa watahiniwa wengi hukosea. Huandika kwamba sababu kuu ilikuwa huruma kwa watoto. Huruma ilikuwepo, lakini Müller mwenyewe aliitaja sababu nyingine kuwa ndiyo ya kwanza.

Katika kuwatembelea waumini alikutana na watu waliobanwa na mahangaiko. Mmoja alifanya kazi saa 14 hadi 16 kwa siku. Mwili wake ulidhoofika na roho yake haikuwa na furaha, lakini aliogopa kwamba akipunguza kazi familia itakufa njaa. Wengine walikuwa wafanyabiashara waliojua kwamba njia zao si za haki, ila waliogopa kuziacha kwa kuwa kila mtu alifanya hivyo. Wengine walikuwa wazee waliohofia kumalizia siku zao katika nyumba za maskini. Wote waliamini kuwa Mungu yupo. Tatizo lao lilikuwa kuamini kwamba anahusika na mkate wa Jumatatu.

Müller akataka kuwapa kitu wanachoweza kukiona kwa macho. Aliwaza hivi: kama mtu maskini, kwa maombi tu na bila kuwaomba wanadamu, atawalisha watoto yatima mwaka hadi mwaka, basi waumini wale watatiwa moyo kumwamini Mungu katika kazi zao. Desemba 1835, baada ya kusoma Zaburi 81:10, aliomba vitu vitatu: nyumba, pauni 1,000 na watu wa kufaa kuwalea watoto.

Michango ilianza kwa shilingi moja moja. Mshonaji mmoja maskini, aliyekuwa amerithi fedha, alileta pauni 100. Müller hakuzipokea kwa pupa. Alimhoji ili ajue kama ameamua kwa haraka tu. Alipogundua kwamba mwanamke huyo alikwisha kulipa madeni ya marehemu baba yake na kumpa mama yake fungu lake, ndipo akazipokea.

Siku ya kupokea maombi ya nafasi ilipofika mwezi Februari 1836, Müller alikaa akisubiri, lakini hakuja hata mtu mmoja. Alijichunguza akagundua kwamba aliomba nyumba, fedha na wafanyakazi, lakini hakuwahi kuomba watoto wenyewe, kwa kuwa alidhani hao watakuja tu. Jioni hiyo akaomba, na kesho yake ombi la kwanza likaja. Tarehe 11 Aprili 1836 nyumba ya kwanza ilifunguliwa katika mtaa wa Wilson, Bristol, kwa ajili ya wasichana.

5. Majaribu ya kila siku

Usidhani kwamba fedha zilimiminika. Kuanzia Septemba 1838 kulikuwa na siku ambazo asubuhi hapakuwa na fedha ya chakula cha jioni. Tarehe 18 Septemba hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Müller alifikiria kuuza vitu ambavyo wangeweza kuishi bila hivyo. Siku hiyo mwanamke mmoja kutoka London alileta fedha alizotumwa na binti yake. Alikuwa amefikia jirani kabisa na mojawapo ya nyumba za yatima, akiwa na fedha hizo kwa siku kadhaa. Müller alijifunza kwamba msaada ulikuwa karibu hata wakati yeye hakuuona.

Kanuni zake zilikuwa hizi:
(a) Kutomwomba mtu fedha wala kudokeza kwamba wana shida.
(b) Kutokopa. Kama fedha ya kununulia kitu haipo, kitu hicho hakinunuliwi.
(c) Kuandika kila senti iliyoingia na kutoka, na kuchapisha taarifa kila mwaka.

Mwishoni mwa 1841 fedha zilikuwa chache sana, na wakati wa kutoa taarifa ya mwaka ulikuwa umefika. Taarifa hiyo ingeweza kuwafanya watu watoe. Müller akaiahirisha makusudi, ili isionekane kwamba anaitumia kuomba. Jaribu lake kubwa lilikuwa hapo: kuwa na njia rahisi ya kupata fedha na kuiacha ili asilivunje neno lake.

Nyumbani kwake pia hakukuwa na wepesi. Mwaka 1835 mwanawe Elijah alifariki akiwa bado mtoto mchanga, katika juma moja na kifo cha baba mkwe wake. Kumtegemea Mungu hakukumwondolea misiba.

6. Ashley Down na boila iliyovuja

Mwaka 1845 majirani wa mtaa wa Wilson walilalamikia kelele za watoto. Müller hakugombana nao. Aliandika sababu za kuhama na za kubaki, akazipima, kisha akaamua kujenga nje ya mji, mahali paitwapo Ashley Down. Nyumba ya kwanza huko ilifunguliwa Juni 1849 kwa watoto 300. Kufikia 1870 zilikuwa nyumba tano zenye nafasi ya watoto 2,050.

Novemba 1857 boila iliyopasha joto nyumba ya kwanza ilivuja. Ilikuwa imezungushiwa matofali, na ili kuitengeneza ilibidi moto uzimwe kwa muda usiojulikana. Mafundi waliitwa waje Jumatano. Siku chache kabla, upepo mkali wa kaskazini ulianza kuvuma na kuleta baridi. Müller aliomba mambo mawili: upepo ugeuke utoke kusini, na mafundi wapewe moyo wa kufanya kazi kama watu wa wakati wa Nehemia. Jumatano upepo wa kusini ulivuma, na hali ya hewa ikawa ya kadiri. Jioni bosi wa mafundi alisema kwamba watachelewa kuondoka na kurudi mapema asubuhi, lakini mafundi wakasema ni afadhali wafanye kazi usiku kucha. Kumbuka kwamba Müller aliita mafundi na pia aliomba. Hakuomba boila ijitengeneze.

7. Mwisho wa maisha yake

Mkewe Mary alifariki mwaka 1870, na Müller mwenyewe alihubiri katika maziko yake. Alioa tena mwaka 1871. Kuanzia 1875 hadi 1892, akiwa na umri ambao wengi hupumzika, alisafiri katika nchi nyingi akihubiri. Alifariki tarehe 10 Machi 1898 huko Ashley Down akiwa na umri wa miaka 92. Zaidi ya yatima 10,000 walilelewa katika nyumba zake, ingawa yeye mwenyewe aliacha mali ya takriban pauni 160 tu.

Mafunzo ya kukumbuka

(i) Kumtegemea Mungu si uvivu. Müller aliweka hesabu, alipima sababu na alisimamia wafanyakazi. Wewe vilevile, maombi kabla ya mtihani hayachukui nafasi ya kusoma. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
(ii) Kufanya kazi si kuhangaika. Yule mtu wa saa 16 alikuwa na bidii, lakini bidii yake ilisukumwa na hofu.
(iii) Imani huonekana katika uaminifu: kutokopa ovyo, kutodanganya, kutunza vya watu.
(iv) Mambo madogo nayo yaombewe. Kumbuka watoto waliosahaulika katika maombi ya Müller.

Tahadhari katika kujibu

Ukiulizwa kutathmini, usisifu tu. Wapo wanaosema kwamba taarifa za kila mwaka zenyewe zilikuwa njia ya kuomba kimyakimya. Taja hoja hiyo, kisha ulinganishe na tukio la 1841. Pia usidai kwamba kila Mkristo lazima aache mshahara. Müller hakuwataka wafanyakazi waache kazi zao. Aliwataka wazifanye bila hofu na bila udanganyifu.

Maswali ya marudio

1. Eleza sababu kuu iliyomfanya George Müller aanzishe nyumba ya yatima.
2. Fafanua kanuni tatu alizozifuata katika mambo ya fedha.
3. Kwa kutumia tukio la boila, onesha uhusiano kati ya maombi na kazi.
4. “Anayemtegemea Mungu hapati misiba.” Jadili kauli hii kwa kurejelea maisha ya Müller.
5. Mwanafunzi mwenzako ameacha kusoma kwa madai kwamba Mungu atamfaulisha. Mwingine hali wala halali kwa hofu ya mtihani. Mshauri kila mmoja kwa kutumia hoja mbili kutoka katika maisha ya Müller.