Askofu Cassian Spiss, Mtawa Aliyefia Njiani

Mwezi huu nawaletea habari za Mkatoliki. Msishangae. Sala zetu za Asubuhi na Jioni zilikusanywa mwaka 1549 kutoka katika vipindi vya sala vya watawa wa kale. Basi hata sisi wa Singe tunakula katika chungu chao bila kujua.

Cassian Spiss alizaliwa mwaka 1866 huko Tyrol, nchi ya milima ya Austria. Aliingia katika utawa wa Wabenediktini wa St. Ottilien, Ujerumani. Kanuni yao iliandikwa na Mtakatifu Benedikto huko Italia katika karne ya sita: kusali kwa saa zake, kufanya kazi kwa mikono, kumpokea mgeni kama Kristo, na kukaa na ndugu zako mahali pamoja hata kufa.

Alifika nchini kwetu mwaka 1893. Mwaka 1898 alianzisha misheni ya Peramiho, katika nchi ya Wangoni. Alijifunza lugha yao, na maandishi yake juu ya Kingoni yalichapwa mwaka 1904. Wakati huo alikuwa amekwisha kuwa Askofu, tangu 1902, makao yake Dar es Salaam.

Hapa pana jambo lililokuwa likinisumbua kila nilipofundisha Historia. Misheni ilikuja chini ya bendera ileile iliyodai kodi ya nyumba na kuwalazimisha watu kulima pamba. Aliyechapwa kiboko angewezaje kumtenga Mzungu wa msalaba na Mzungu wa kiboko? Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905. Tarehe 14 Agosti, akiwa safarini kwenda Peramiho, Askofu aliuawa karibu na Mikukuyumbu, upande wa Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Alikuwa hajatimiza miaka 40. Peramiho nayo ikachomwa moto. Februari 1906 Wajerumani wakawanyonga viongozi wa Wangoni huko Songea, kisha njaa ikaua watu wengi kuliko risasi.

Watawa walirudi, wakajenga upya. Peramiho ikawa abasia mwaka 1931, ikijulikana kwa hospitali, karakana na kiwanda chake cha kupiga chapa. Na mwaka 1957, si mbali na hapo, utawa wa Waafrika wenyewe ulianzishwa huko Hanga. Kanuni ni ileile ya Benedikto, ila Zaburi wanaziimba kwa Kiswahili.